Mizani, Mifupa na Mwanariadha Kijana

Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Barbara Drinkwater, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowashtua madaktari wengi. Walikuwa wamewapima wanariadha wanawake 28 wenye umri wa wastani wa miaka 25. Nusu yao, yaani 14, walipata hedhi kila mwezi kama kawaida. Wale 14 wengine hedhi zao zilikuwa zimekoma. Wote walikuwa watu wa mazoezi, na kwa kuwa mazoezi huimarisha mifupa, ingetazamiwa kwamba wote wawe na mifupa madhubuti. Haikuwa hivyo. Pingili za uti wa mgongo za wale waliokosa hedhi zilikuwa na madini pungufu kwa kiasi cha asilimia 14 kuliko za wenzao. Kwa kipimo hicho, migongo yao ililingana na mgongo wa mwanamke wa miaka 51.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Chakula cha makundi hayo mawili hakikupishana kwa kiasi kikubwa. Lakini wale waliokosa hedhi walikimbia wastani wa kilometa 67 kwa juma, hali wenzao walikimbia kilometa 40. Kwa maneno mengine, mapato yao yalikuwa sawa na ya wenzao, ila matumizi yao yalikuwa makubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kueleza mambo yatokeayo mwilini mwa kijana aliye katika hali hiyo, kwa nini mifupa ndiyo hulipa gharama yake, na kwa nini mwalimu wa michezo hana budi kuyaelewa hayo kabla ya kumwambia mwanafunzi wake apunguze uzito.

KWA NINI WEPESI HUTAMANIWA

Tamaa ya kuwa mwepesi haikuzuka bure. Mkimbiaji huubeba mwili wake mwenyewe katika kila hatua, na kwa makadirio ya kawaida kila kilo ya mwili hugharimu kilokalori 1 kwa kila kilometa anayokimbia. Mwenye kilo 55 hutumia kilokalori 550 hivi katika kilometa 10. Mwenye kilo 50 hutumia 500. Katika ndondi, mieleka na judo, sheria huwagawa wachezaji kwa uzito, na kila mmoja hupenda awe mkubwa miongoni mwa wadogo kuliko kuwa mdogo miongoni mwa wakubwa. Katika jimnastiki waamuzi hutoa alama kwa kutazama, na kwa miaka mingi umbo dogo la kitoto lilipendelewa, hata shirikisho la kimataifa la mchezo huo likapandisha umri wa chini wa wasichana katika mashindano makubwa kuwa miaka 16 kuanzia mwaka 1997.

Kosa huanza pale mizani inapodhaniwa kuwa inapima mafuta peke yake. Mizani haitambui inachokipima. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hufungamana na gramu 3 hivi za maji. Mtu anayejinyima chakula kwa siku chache hupoteza kwanza akiba hiyo pamoja na maji yake. Mizani hushuka upesi, naye hufurahi. Kumbe alichokipoteza ndicho ambacho misuli yake ingekitumia siku ya mashindano. Akiendelea kujinyima, misuli yenyewe huanza kuliwa.

Zaidi ya hayo, kijana si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtu mzima ambaye uzito wake haukubadilika kwa mwaka mzima amekaa pale pale. Mwanafunzi wa miaka 14 ambaye uzito wake haukubadilika kwa mwaka mzima amerudi nyuma, kwa sababu katika muda huo alipaswa kuongeza mifupa, misuli, damu na, hasa kwa msichana, kiasi fulani cha mafuta ambacho ni sehemu ya kubalehe kwake. Uzito uliosimama katika umri huo hauonyeshi nidhamu, bali ujenzi uliokwama.

HESABU YA NISHATI

Chakula tunachokula ni mapato ya mwili. Mazoezi ni matumizi ambayo hayawezi kuahirishwa: misuli inapofanya kazi, huchukua nishati papo hapo. Kile kinachobaki ndicho hugawanywa kwa mahitaji mengine yote, yaani moyo na ubongo, joto la mwili, kinga dhidi ya maradhi, ukarabati wa misuli, ukuaji, ujenzi wa mifupa na uzazi. Wanasayansi hupima masalio hayo kwa njia nyepesi:

Nishati iliyobaki = (nishati ya chakula kutoa nishati ya mazoezi) kugawanya kwa uzito wa mwili pasipo mafuta.

Tuchukue mfano. Msichana ana uzito wa kilo 50, na katika huo kilo 10 ni mafuta. Uzito wake pasipo mafuta ni kilo 40. Kwa siku anakula chakula chenye kilokalori 2,200 na kukimbia kilometa 12. Mbio hizo zinamgharimu kilokalori 600. Zinabaki 1,600, ambazo zikigawanywa kwa 40 ni kilokalori 40 kwa kila kilo.

Sasa tuseme ameambiwa kuwa ni mzito, naye anapunguza kilokalori 500 kwa siku. Hicho si kiasi cha kutisha machoni. Ni nishati iliyomo katika gramu 140 hivi za unga wa mahindi. Zinabaki kilokalori 1,100, yaani 27.5 kwa kila kilo.

Tutazame pia njia ya pili, ambayo haionekani kwa urahisi. Msichana huyu hapunguzi chakula hata tonge moja. Mashindano yanakaribia, na mwalimu anaongeza mazoezi kutoka kilometa 12 hadi kilometa 22 kwa siku. Mbio zinagharimu kilokalori 1,100. Zinabaki 1,100 zile zile, na matokeo ni 27.5 vile vile. Hakuna aliyejinyima na hakuna aliyemnyima, lakini upungufu ni mmoja. Katika shule ya bweni, ambako mgawo wa chakula ni ule ule kwa anayekimbia na asiyekimbia, njia hii ya pili ndiyo rahisi zaidi kupitiwa. Aidha, mwanafunzi anayetembea mwendo mrefu kwenda shuleni, anayelima au kuchota maji, analipia kazi hizo kutoka katika mfuko huo huo.

Je, namba 27.5 ina maana gani? Mwaka 2003 Anne Loucks na Jean Thuma wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walieleza jaribio walilolifanya kwa wanawake vijana 29 wenye afya, ambao hawakuwa wanariadha. Kwa siku 5 waliwapangia chakula na mazoezi ili nishati iliyobaki iwe kilokalori 45, 30, 20 au 10 kwa kila kilo ya mwili pasipo mafuta. Katika kiwango cha 45 na cha 30, homoni inayochochea yai kupevuka ilitoka kwa mapigo yake ya kawaida. Chini ya 30 mapigo hayo yalivurugika. Siku 5 tu zilitosha. Kiwango hicho si ukuta, kwa maana miili hutofautiana, na wengine huathirika kabla ya kukifikia. Lakini kimekuwa alama muhimu kwa wachunguzi wa afya ya wanariadha.

MWILI UNAPOBANA MATUMIZI

Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huangalia hali ya nishati mwilini na kutoa amri kwa tezi iliyo chini yake. Nishati ikipungua, hupunguza amri zinazohusu uzazi, ambao si wa lazima kwa uhai wa leo. Ovari hutoa estrojeni kidogo, na hedhi huchelewa, kisha hukoma. Tezi ya shingoni nayo hupunguza kazi yake, ili mwili utumie nishati kidogo. Viini vya ukuaji vinavyotengenezwa na ini hupungua katika damu, na homoni za dhiki huongezeka.

Kwa hiyo, msichana mwanariadha anapokosa hedhi, wala si kwa sababu ya ujauzito, hiyo si alama kwamba mazoezi yamemkolea, kama baadhi ya watu walivyozoea kusema. Ni taarifa kwamba mwili umefunga baadhi ya idara zake kwa kukosa mapato.

Wavulana hawakusalimika. Homoni yao ya kiume, testosteroni, hushuka vilevile, na mifupa yao hudhoofika. Ila wao hawana dalili ya kila mwezi inayoweza kuhesabiwa kwenye kalenda, hivyo upungufu wao hufichika kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipanua maana ya tatizo hili, ambalo kabla ya hapo lilijulikana kama tatizo la wanawake, ikalieleza kuwa ni upungufu wa nishati unaowapata wanariadha wa jinsia zote mbili na kugusa moyo, damu, kinga, akili na ukuaji.

MFUPA UNA MSIMU WAKE

Watu wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kama nguzo. La hasha. Mfupa ni kiungo hai. Ndani yake zimo chembe zinazobomoa sehemu zilizochoka na chembe zinazojenga upya kwa protini na madini, hasa kalsiamu. Estrojeni huwazuia wabomoaji wasivuke mpaka. Estrojeni ikipungua, wabomoaji hupata nafasi. Na nishati ikipungua, wajenzi hukosa nguvu. Hasara huja kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Katika ujana jambo hili lina uzito wa pekee. Uchunguzi uliofanyika Saskatchewan, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1999, uliwafuatilia wavulana na wasichana kwa miaka 6. Ilionekana kwamba karibu robo ya madini yote ya mifupa aliyo nayo mtu mzima huwekwa katika muda wa miaka 2 tu, ile inayozunguka kilele cha ujenzi. Kilele hicho kilikuwa kwenye umri wa miaka 12 na nusu kwa wasichana na miaka 14 kwa wavulana. Ujenzi huendelea kwa kasi ndogo hadi miaka ya ishirini, kisha akiba huanza kupungua polepole. Mkulima aliyekosa mvua za kupandia anaweza kumwagilia bustani baadaye, lakini hawezi kuirudisha masika. Mfupa nao ni hivyo.

Drinkwater alilionyesha hilo kwa kuwafuatilia baadhi ya wale wanariadha wake. Wale 7 ambao hedhi zao zilirejea waliongeza karibu asilimia 6 ya madini ya uti wa mgongo katika miezi 14 ya kwanza. Hiyo ni habari njema, na inathibitisha kwamba kuchukua hatua kuna faida. Lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kasi hiyo haikudumu, na kwamba wanariadha waliowahi kukosa hedhi kwa muda mrefu walibaki na mifupa hafifu kuliko wenzao.

Matokeo ya haraka ni nyufa ndogo za mifupa, hasa katika muundi na katika mifupa ya wayo. Kila hatua ya mbio huuchosha mfupa kidogo. Mfupa wenye lishe hujirekebisha usiku, na mfupa wenye njaa hujikusanyia uchovu hadi upasuke. Mary Cain wa Marekani alifika fainali ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia mjini Moscow mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 17. Mwaka 2019 alieleza hadharani, kupitia gazeti la New York Times, kwamba katika miaka iliyofuata alishinikizwa azidi kupunguza uzito, kwamba alikosa hedhi kwa miaka 3, na kwamba alivunjika mifupa 5. Wepesi uliotafutwa ili umwongezee kasi ulimwondoa uwanjani.

HALI KATIKA NCHI JIRANI ZETU ZA WAKIMBIAJI

Yawezekana msomaji akadhani kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri, ambako vijana huogopa unene. Uchunguzi kutoka Kenya unatufundisha vingine. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa wasichana wakimbiaji hodari 61 wa umri wa ujana, waliolinganishwa na wasichana 49 wasio wanariadha. Chakula chao kilipimwa kwa siku 5, na mazoezi yao yakaandikwa. Upungufu mkubwa wa nishati ulionekana kwa asilimia 17.9 ya wakimbiaji, na kwa asilimia 2.2 tu ya wasichana wengine. Hitilafu za hedhi zilikuwa asilimia 32.7 kwa wakimbiaji na asilimia 18.3 kwa wengine.

Jambo la kuzingatia ni hili: tabia za kuogopa chakula hazikuwa nyingi zaidi kwa wakimbiaji kuliko kwa wenzao. Kwa hiyo upungufu wao hauwezi kuelezwa kwa hofu ya unene peke yake; chakula hakikutosha kulipia mbio. Uchunguzi huo pia haukuona tofauti ya madini ya mifupa kati ya makundi hayo mawili. Hapo ndipo penye fursa. Dalili za hedhi na za nishati zilikwisha kuonekana kabla ya mifupa kuonyesha hasara, na mwalimu mwangalifu angeweza kuzisoma kwa wakati.

HATARI YA KUPUNGUZA UZITO KWA JASHO

Njia nyingine ya kuidanganya mizani ni kutoa maji. Mwanandondi au mwanamieleka huvaa nguo za mpira au za nailoni, hufanya mazoezi mahali penye joto na kuacha kunywa maji hadi apimwe. Kati ya Novemba na Desemba mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vya Marekani walifariki dunia katika muda wa siku 33 wakifanya hivyo.

Fizikia ya jambo hili iko wazi, na inafaa kufundishwa darasani. Jasho halipozi mwili kwa kutoka. Hupoza kwa kugeuka mvuke. Gramu 1 ya jasho inapogeuka mvuke huondoa kilokalori 0.58 hivi za joto. Ndani ya nguo ya mpira hewa hushiba mvuke, na jasho hutiririka bila kukauka. Maji yamepotea, joto limebaki.

Mwili wa kilo 60 huhitaji kilokalori 50 hivi ili upande joto kwa digrii 1. Mazoezi makali huzalisha joto la kilokalori 8 hivi kwa dakika. Lau joto hilo lote lingezuiliwa, mwili ungepanda digrii 1 kila baada ya dakika 6 au 7, na kutoka digrii 37 hadi 41 zisingepita dakika 30. Wakati huo huo damu imepungua maji, moyo unapiga mbio kusukuma kidogo kilichopo, na figo zinanyimwa sehemu yake. Hata bila kufikia hatari ya kifo, kupoteza maji ya asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 1 kwa mwenye kilo 50, hutosha kupunguza uwezo wa kustahimili mazoezi.

Baada ya vifo hivyo sheria za vyuo vya Marekani zilibadilishwa. Vyumba vya mvuke na nguo za mpira vilipigwa marufuku. Kila mwanamieleka hupimwa kabla ya msimu, akiwa na maji ya kutosha mwilini, na kuwekewa uzito wa chini ambao haruhusiwi kuuvuka. Kuanzia msimu wa 2006/2007 shule za sekondari nchini humo nazo ziliweka kanuni kwamba uzito huo usimpeleke mvulana chini ya asilimia 7 ya mafuta mwilini, wala msichana chini ya asilimia 12, na kwamba asipungue zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake kwa juma. Mashindano ya mieleka hayakufa kwa sababu hiyo. Palipokuwa na sheria, kijana hakulazimika tena kuchagua kati ya ushindi na maji ya kunywa.

WAJIBU WA MWALIMU NA MWANAFUNZI

Shule nyingi hazina mitambo ya kupima mifupa wala damu. Hata hivyo kinga haihitaji mitambo.

(a) Vipimo vya uzito visifanywe mbele ya wenzake mwanafunzi, wala visitumike kumkejeli. Kimo na uzito vipimwe pamoja kila muhula na kuchorwa kwenye grafu. Mstari wa uzito ukilala au kushuka wakati kijana angali anakua, sababu itafutwe.

(b) Kilometa zikiongezwa, chakula nacho kiongezwe. Uji kabla ya mazoezi na chakula mara baada yake vina thamani kuliko hotuba juu ya lishe. Ugali, wali, viazi, maharage, karanga na mafuta huleta nishati. Maziwa, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, huleta kalsiamu. Lakini kalsiamu haiwezi kujenga palipo na njaa.

(c) Msichana aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo, au aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo, apelekwe kwa mganga. Mwalimu wa kike, matroni au muuguzi aulizie mambo haya kwa faragha na heshima, ili msichana asione haya kuyasema.

(d) Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, yanayozidi kwa kukimbia na kuuma hata yakibonyezwa kwa kidole, yasichuliwe kwa dawa na kurudishwa uwanjani. Apumzishwe na kuchunguzwa.

(e) Katika michezo ya uzito, mchezaji ashindane katika uzito anaokuwa nao akiwa amekula na kunywa kama kawaida. Mazoezi ya nguo za nailoni na siku za kutokunywa maji yakatazwe kabisa.

Mwanafunzi naye anaweza kuifanya hesabu ya nishati iliyoelezwa hapo juu kwa kutumia chakula cha shule yake na umbali anaoukimbia, kisha aijadili pamoja na mwalimu wake wa biolojia. Ikiwa jawabu litaangukia chini ya 30, cha kwanza kuongezwa ni sahani, na cha kwanza kupunguzwa ni kilometa. Kombe la shule hushindaniwa kila mwaka, lakini miaka ambayo mifupa ya mwanafunzi hujengwa kwa kasi ni michache, nayo ikipita haimrudii.